Sura ya Nne: Kazi ya Skuli Iingiapo Nyumbani

Mwalimu wa hesabati aingiapo darasani asubuhi, akauliza ni nani hakufanya kazi aliyopewa jana kwenda nayo nyumbani, na wanafunzi kumi na tano katika hamsini wakasimama wameinamisha vichwa, hukumu ya kwanza imjiayo mtu moyoni ni kwamba mbele yake wamesimama wavivu kumi na tano. Hukumu hiyo ni nyepesi kutoa, haimgharimu aitoaye hata dakika moja ya kufikiri, na kwa ajili hiyo imedumu miaka mingi katika skuli za Unguja na Pemba kama ilivyodumu katika shule za Bara. Wavivu wapo, wala sikusudii kuwatetea. Muradi wangu katika sura hii ni kuonyesha kwamba kwa walio wengi katika wale waliosimama jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa kabla ya daftari kufunguliwa: limeamuliwa na saa, limeamuliwa na taa, limeamuliwa na lugha iliyoandikiwa maswali, na kuliko yote limeamuliwa na yale yaliyoifika kazi ya juma lililopita baada ya kukusanywa.

Yatupasa kwanza tujue kama kazi yenyewe ina faida ya kupiganiwa, maana wako wazazi, tena wenye akili timamu, waonao kwamba mtoto aliyeshinda skuli amekwisha kusoma vya kutosha. Mmarekani Harris Cooper alizikusanya tafiti nyingi za jambo hili, akatoa hitimisho lake mwaka 1989, na mwaka 2006 akarudi tena na wenziwe kuzipitia zilizokuja baadaye. Mara zote mbili aliona kwamba uhusiano baina ya kazi hizi na kufaulu ni dhaifu mno kwa watoto wadogo, bali kwa wanafunzi wa sekondari upo na unaonekana. Kwa hiyo tunazungumza juu ya umri ule hasa ambao kazi ya nyumbani ina maana. Nao mtihani wa PISA wa mwaka 2012, unaosimamiwa na shirika la OECD, ulionyesha kwamba vijana wa miaka 15 katika nchi wanachama walikuwa wakitumia takriban saa 5 kwa juma katika kazi walizopewa na walimu wao. Wa Shanghai walikuwa karibu na saa 14, na wa Finland hawakufika 3, ilhali Finland nayo imo miongoni mwa nchi zisifiwazo kwa elimu. Lakini katika hesabu zile iko moja iliyonishughulisha kuliko zote, nayo ni kwamba watoto wa wenye nafasi walikuwa wakiwapita watoto wa wanyonge kwa zaidi ya saa moja na nusu kila juma. Ikiwa katika nchi zile, ambako karibu kila nyumba ina taa na meza, hali ya nyumba huweza kumwongezea mtoto mmoja saa na kumpunguzia mwingine, basi sisi tuna haja kubwa zaidi ya kuitazama nyumba kabla ya kumtazama mtoto.

Zanzibar ilitangaziwa elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, na tangu siku hiyo kusoma kukawa haki ya mtoto wa mkulima na wa mvuvi kama ilivyokuwa haki ya mtoto wa liwali. Idadi ya wanafunzi ikapanda kupita majengo, na skuli nyingi zikalazimika kugawana siku katika mikondo miwili, mmoja wa asubuhi na mmoja wa mchana, utaratibu ambao mpaka leo haujakwisha. Chukua mfano wa msichana wa kidato cha pili aliye katika mkondo wa asubuhi. Ameamka kwa sala ya alfajiri, amefagia uwanja, amemvisha mdogo wake, amekwenda skuli. Adhuhuri amerudi akala kilichokuwapo, na kabla jua halijaanza kupoa yupo chuoni, kwa sababu wazazi wake, nami nawaafiki, hawaoni kwamba elimu ya dini ni jambo la kupunguziwa saa. Akitoka chuoni alasiri maji yanamngojea, na vyombo, na moto wa chakula cha usiku. Kaka yake, aliyesoma saa zile zile na kuhifadhi juzuu zile zile, amekwisha kushika njia ya kiwanja cha mpira. Magharibi inaingia, kisha isha, watu wanakula, vyombo vinaoshwa tena. Ikiwa mwalimu wa hesabati, na wa kemia, na wa jiografia, kila mmoja ametoa maswali yake bila ya kumuuliza mwenziwe ametoa mangapi, binti huyu huanza kuyatazama saa tatu ya usiku, mwili umekwisha kulegea, na ikhtiari pekee iliyombakia ni kuchagua mwalimu yupi amwogopaye zaidi, amfanyie kazi yake, na wengine awaendee asubuhi na udhuru.

Huko Bara, ambako tangu mwaka 2006 shule za kata zilijengwa kwa wingi na kwa haraka ili kila kata iwe na sekondari yake, na ambako ada ilifutwa kuanzia Januari 2016 hata madarasa yakafurika, saa huliwa na mwendo. Kata ya vijijini yaweza kuwa pana mno, na mtoto akaamka usiku na kurudi jioni, miguu imemwisha nguvu. Wazazi wengine huwapangia watoto wao vyumba karibu na shule, vyumba ambavyo vijana wenyewe wanaviita geto, na humo msichana wa miaka kumi na mitano hujipikia, hujifulia na kujilinda mwenyewe. Mwendo umepungua hapo, bali jicho la mtu mzima nalo limeondoka, na kazi ya usiku hutegemea nguvu ya nia ya mtoto peke yake.

Msimu wa karafuu ukifika Pemba, mambo hugeuka tena. Karafuu iliyochumwa mchana sharti ichambuliwe usiku ule ule, punje itengwe na makonyo, ili asubuhi ianikwe juani, kwani ikilala lundo na ubichi wake hupata moto ikaharibika. Basi jamaa nzima huzunguka lundo ukumbini chini ya taa moja, mikono ikienda na hadithi zikienda, wala siijui baraza ya usiku yenye uhai kupita hiyo. Mtoto wa sekondari ana mahali pake katika duara lile, na atakayemwondoa ampeleke pembeni na daftari lake atakuwa ameondoa mikono miwili katika kazi isiyongoja, kazi ambayo fedha zake ndizo zitakazonunua sare na madaftari ya mwakani. Vivyo hivyo katika pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989 na kikawa mikononi mwa wanawake: bamvua likifika na maji yakakauka, mama huteremka na binti zake kufunga na kuvuna, nayo bahari haiitazami ratiba ya skuli. Simlaumu mzazi katika haya. Ninachokistaajabia ni kwamba mwalimu mkuu aliyezaliwa Pemba, aliyechambua karafuu utotoni mwake mpaka vidole vikanukia mwaka mzima, hupanga kazi za majuma ya msimu kwa wingi ule ule wa majuma mengine, kana kwamba skuli yake imejengwa nje ya kisiwa.

Ama taa, watu wengi hudhani kwamba ndiyo kiini cha jambo. Wazee wetu walisoma kwa kandili na kibatari, moshi ukiwaingia puani, na katika hilo tunajifakhari kupita kiasi, maana hatuwahesabu wale walioacha kusoma kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa ya kupikia chai ya alfajiri. Unguja, ambayo umeme wake hutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, ilionja tena maisha hayo mwezi wa Mei 2008, ilipokaa gizani takriban mwezi mzima, kisha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu kamili. Pemba nayo ikaunganishwa na Bara kwa waya wake mwaka 2010. Huko vijijini Bara kazi ya kufikisha umeme imebebwa na Wakala wa Nishati Vijijini. Taa ni neema, na mtu asiyewahi kusoma kwa kibatari hana haki ya kuipuuza. Lakini ukiingia katika nyumba nyingi zilizokwisha kupata umeme utaikuta balbu ya ukumbini ambayo chini yake ipo televisheni, wapo wageni wa baba, na wapo wadogo wasiokwisha kucheza. Mwanga umekuja, faragha haikuja nao. Mwanafunzi wa sekondari anahitaji pembe ya nyumba ambayo kwa saa moja itakuwa yake, na pembe hiyo inaweza kutolewa hata na nyumba ya makuti ikiwa wenye nyumba wamekubaliana kumpa.

Sasa nifike katika lugha, ambapo nataka kukaa kidogo, kwa sababu naona watu hulipita jambo hili mbio. Katika sekondari zetu, Bara na Visiwani, masomo karibu yote huandikwa kwa Kiingereza. Na Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilikwenda mbele zaidi, ikaamua hesabati na sayansi zianze kusomeshwa kwa lugha hiyo tangu darasa la tano. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipandishwe mpaka sekondari, pendekezo likawekwa kando. Na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango huo kwa maneno, darasa likabaki kama lilivyokuwa. Yote haya yamejadiliwa sana. Lisilojadiliwa ni lile litokealo baina ya skuli na nyumbani. Darasani mwalimu mwema, aonapo macho ya wanafunzi wake yameganda, huacha Kiingereza akawaeleza kwa Kiswahili, akachora, akauliza, akacheka nao, na jambo likaeleweka. Kisha hugeukia ubao akaandika maelezo na maswali kwa Kiingereza, nao wakanakili, kwa kuwa aghalabu vitabu havitoshi na hakuna wa kwenda nacho nyumbani. Yale maelezo ya mdomo yaliyomfungua mtoto akili yamebaki ukutani mwa darasa. Lililokwenda naye nyumbani ni daftari la Kiingereza peke yake, na saa tatu ya usiku ndiyo saa ambayo yeye na lugha ile hukutana bila ya mkalimani. Hapo hufanya waliyoyafanya wengi kabla yake: huyachukua maneno ya swali, akayageuza mpangilio, akayaandika kuwa jawabu.

Wala hasara haiishii kwake. Mama wa Jambiani ambaye kwa miaka mingi ameishi kwa kuhesabu siku za mwezi, ajuaye ni lini bamvua litaanza na lini maji yatakuwa mafu, ajuaye maji yatakauka saa ngapi leo na yatachelewa kwa kiasi gani kesho, ana elimu ya kupwa na kujaa ambayo mwalimu mgeni kutoka mjini hana nusu yake. Binti yake ameketi mkono wa pili akihangaika na swali la jiografia juu ya jambo lilo hilo, sababu za bamvua na uhusiano wake na mwezi na jua, na baina yao pana mkeka tu. Lakini swali limeandikwa kwa namna ambayo mama hawezi kulisoma, na binti hajui kwamba angaliuliza angejibiwa. Nyumba hiyo haikukosa maarifa. Baba aisomaye Kurani kwa tajwidi, au aliyezoea barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, hujihesabu mbele ya daftari la mwanawe kuwa mjinga, akajitenga na masomo yake kwa haya. Kisha sisi tukakutana katika vikao vya skuli tukasema wazazi hawafuatilii. Kila mwalimu, bila ya kungoja sera yoyote, anaweza kuongeza katika kazi aitoayo swali moja la Kiswahili ambalo mtoto atatakiwa alipeleke kwa mtu mzima wa nyumbani: bamvua hutokea lini, karafuu huanikwa siku ngapi, shamba hupimwaje. Swali hilo moja hulivuta daftari lote likaja katikati ya ukumbi.

Nimekwisha kusema kwamba liko jambo kuliko yote, nalo ni kusahihisha. Mwalimu wa sekondari mwenye madarasa manne ya wanafunzi hamsini hamsini, akitoa kazi moja, amejitia katika dhima ya madaftari 200. Akilipa kila daftari dakika tatu, ambazo hazitoshi kuona kosa na kulieleza, atahitaji dakika 600, yaani saa kumi, kwa kazi moja ya juma moja, na saa hizo hakuna azilipiaye. Si ajabu basi kwamba madaftari hukusanywa, yakakaa juu ya kabati ofisini, yakarudi baada ya majuma mawili na tiki moja ndefu iliyoshuka ukurasa mzima, juu ya majawabu sahihi na yasiyo sahihi. Au hayakusanywi kabisa, mwalimu akatembea baina ya madawati akitazama kama pameandikwa kitu. Mwanafunzi huliona hilo mapema sana. Hana haja ya majuma mengi kutambua kwamba mwalimu huyu husoma na yule hasomi, na tangu hapo kazi ya yule asiyesoma huifanya kwa wino na siyo kwa akili. Kumpa mtoto kazi, akaitolea usingizi wake, kisha usiitazame, ni kumvunjia ahadi; na mtoto aliyevunjiwa ahadi mara tatu hana sababu ya kuitimiza ya nne.

Dawa yake siyo kumtaka mwalimu asahihishe mpaka alfajiri. Mjerumani Ulrich Trautwein na wenziwe, walioichunguza kazi ya hesabati katika darasa la saba nchini mwao na kuyatoa matokeo mwaka 2002, waliona kwamba madarasa yaliyopewa kazi mara kwa mara yalisonga mbele zaidi, na kwamba urefu wa kazi haukuleta faida hiyo. Hilo lapaswa kuwafariji walimu wetu. Maswali matatu yaliyochaguliwa kwa uangalifu, yaliyotolewa mara tatu kwa juma, yakafunguliwa darasani asubuhi yake kwa dakika kumi, wanafunzi wakabadilishana madaftari na mwalimu akachukua kumi tu ya kupeleka ofisini, leo ya safu hii na kesho ya safu ile, yana thamani kupita maswali ishirini ya Ijumaa. Na makosa aliyoyakuta katika madaftari yale kumi, akiyaandika ubaoni bila ya kutaja jina la mtu, huwa ni somo kwa wote hamsini. Nimewajua walimu wafanyao hivi, wala hawakuwa na mishahara mikubwa kuliko wenzao. Walikuwa wamekaa pamoja, wa hesabati na wa sayansi na wa lugha, wakagawana siku za juma ili mtoto asibebeshwe masomo matano usiku mmoja.

Kuhusu kiboko nitasema machache. Kanuni za Bara zinataka adhabu hiyo itolewe kwa idhini ya mkuu wa shule, isizidi viboko vinne, na iandikwe kitabuni. Katika kazi za nyumbani hutolewa mlangoni, na kila mwalimu, na haiandikwi popote. Matunda yake yanajulikana. Kabla ya kengele ya kwanza, chini ya mwembe, daftari la mwanafunzi mmoja hodari hupita mikononi mwa kumi, na siku hizi hupigwa picha kwa simu usiku na kupelekwa kwa thelathini, hata mwalimu akakusanya darasa zima lililofanya kazi na asijue kwamba imefanywa na mtu mmoja. Mtoto aliyenakili ameokoka fimbo. Yule aliyejaribu kwa uaminifu akakwama katika swali la pili na kuacha mengine wazi, ndiye apigwaye. Adhabu ya namna hiyo huwafundisha vijana kwamba kukiri kutofahamu ni hatari kuliko kudanganya, na mimi sioni jambo baya zaidi ambalo skuli yaweza kulifundisha.

Liko pendekezo ambalo wengi hulitoa, nami nalikubali kwa sharti: skuli yenyewe iwe na saa moja baada ya masomo, chumba kiwe wazi, mwalimu mmoja awepo kwa zamu, na kazi ya nyumbani ifanywe humo kabla mtoto hajaingia katika kazi za nyumba yake. Skuli za bweni zimekuwa zikifanya hivyo kila usiku, na sehemu ya sifa ya wanafunzi wao hutoka hapo. Katika skuli za kutwa zenye mkondo mmoja jambo hili laweza kuanza juma lijalo, mradi kamati ya skuli ikubali kumpa mwalimu wa zamu nauli na chai yake, na mradi saa yenyewe isigongane na chuo. Katika skuli za mikondo miwili haliwezekani, kwa kuwa mkondo mmoja ukitoka mwingine unaingia, na vyumba haviwi wazi mpaka jua linakaribia kuzama, saa ambayo hakuna mzazi wa kike wala wa kiume atakayekubali binti yake abaki njiani. Kila chumba kipya cha darasa kinachoisaidia skuli moja kutoka katika mikondo miwili kinamrudishia mwanafunzi saa za mwanga wa mchana akiwa karibu na meza, ubao na mtu wa kumuuliza, na ningependa wizara, ihesabupo faida za majengo hayo, izihesabu pia saa hizo.